Kupanga Upya Albamu ya Muziki wa Filamu Ifuate Filamu Yenyewe

Ukiicheza albamu ya The Lion King iliyotoka mwaka 1994 kutoka mwanzo hadi mwisho, Simba anazaliwa, anakua, anapendana na Nala, na ni baada ya hapo ndipo baba yake, Mufasa, anakufa. "Can You Feel the Love Tonight" ni wimbo wa tano. Kifo cha Mufasa kimo ndani ya "…To Die For", ambacho ni kipande cha saba. Hakuna aliyekosea kiwandani. Nyimbo tano za Elton John na Tim Rice zimewekwa mbele, vipande vinne vya okestra vya Hans Zimmer vikafuata, kisha mwishoni nyimbo tatu kati ya zile tano zikarudiwa, safari hii akiimba Elton John mwenyewe. Ni mpangilio wa dukani: mtu aliyetoka sinema akiwa na wimbo kichwani aupate haraka. Zimmer alipata Oscar kwa muziki wa filamu hii, lakini kwenye albamu hiyo vipande vyake vyote vinne vinachukua dakika 17 hivi.

Kama una albamu ya namna hii, iwe kwenye CD, kwenye faili za kompyuta au kwenye programu ya simu, unaweza kuipanga upya ili muziki usimulie kisa kwa mfuatano ulioujua ukumbini. Kazi yenyewe ni ya jioni moja. Kinachochosha ni kuamua, kwa sababu vipande vingine havina mahali pake, na vingine vina mahali pawili.

Kabla hujahamisha chochote, jiulize kwa nini mtunzi au mtayarishaji alivuruga mpangilio. Mara nyingi alikuwa na sababu. Enzi ya santuri, upande mmoja ulibeba dakika 20 na kidogo bila sauti kudhoofika, kwa hiyo vipande vilipangwa kwa jinsi vinavyoenea upande huo, na kila upande ulihitaji mwanzo mzuri na mwisho mzuri. Tena, filamu ya vitisho inaweza kuwa na dakika 15 mfululizo za nyuzi zinazonong'ona. Ukumbini zinakaza roho, sebuleni zinaleta usingizi. Mtunzi mwenye busara anachomeka mada tamu katikati. Kuna pia suala la fedha: Marekani, muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu ukitolewa kama albamu, wanamuziki hulipwa tena, na ndiyo maana albamu nyingi za kule za miaka ya 1980 na 1990 zina dakika 30 hivi tu. Kwa hiyo albamu yako haina muziki wote wa filamu. Lijue hilo mapema, usije ukatafuta kipande ambacho hakijawahi kuwamo.

Na wakati mwingine albamu si rekodi iliyosikika kwenye filamu kabisa. Kwa Jaws ya mwaka 1975, John Williams aliurekodi muziki upya kwa ajili ya santuri, akaurefusha hapa na kuupanga vingine pale. Albamu ya aina hiyo unaweza kuipanga kwa mfuatano wa matukio, ila usitegemee kuiweka sambamba na picha ikakubali.

Hatua ya kwanza basi ni kuitazama filamu ukiwa na karatasi na kalamu. Usijaribu kuifanya kwa kumbukumbu, hata kama ni filamu uliyoitazama utotoni mpaka kanda ikachakaa. Andika saa na dakika kila muziki unapoanza, na maneno mawili matatu ya kinachotokea: "nyumbu wanashuka bondeni", "Rafiki majini". Watunzi wenyewe hufanya hivyo hivyo. Kwenye karatasi zao kila kipande hupewa namba kama 3M2, maana yake gombo la tatu la filamu, muziki wa pili ndani ya gombo hilo. Ukibahatika kukuta namba hizo kwenye kijitabu cha CD, kazi yako imekwisha nusu: panga namba tu. Bahati hiyo hupatikana zaidi kwenye matoleo ya kampuni ndogo zinazohudumia wapenzi wa fani hii, kama La-La Land na Intrada za Marekani.

Tahadhari mbili kuhusu filamu unayoitazama. Ya kwanza ni kasi. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumiwa na televisheni za Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, huchezwa picha 25 kwa sekunde. Filamu nzima inakimbia kwa asilimia nne. The Lion King ya dakika 88 inaisha kwenye dakika 84 na nusu, na sauti mara nyingi inapanda kidogo pia. Kipande cha dakika nne kwenye CD kitakuwa kimepungua sekunde kumi hivi kwenye DVD. Wengi hudhani wamekosea kipande, kumbe ni kile kile kinachokimbizwa. Kwenye Blu-ray na kwenye huduma nyingi za mtandaoni tatizo hilo halipo.

Ya pili ni toleo. DVD ya The Lion King ya mwaka 2003 iliongezewa wimbo "The Morning Report", uliotoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Broadway. Haumo kwenye filamu ya 1994 wala kwenye albamu ya 1994. Ukiutafuta utachoka bure.

Ukishakuwa na karatasi yako, kaa na albamu bila picha. Sikiliza kila kipande na ukiweke kwenye moja ya mafungu haya. Lipo fungu la vipande vya tukio moja, ambavyo ni rahisi. Lipo fungu la vipande vilivyoshonwa kutoka matukio mawili au zaidi. Vipo vile ambavyo mtunzi aliviandika kama muziki wa jukwaani, akikusanya mada ya mhusika mmoja na kuikuza, bila kuviambatanisha na tukio lolote. Na zipo nyimbo ambazo hazimo kwenye filamu kabisa, zimewekwa kupamba albamu. Usiyaamini majina kupita kiasi. Jina linakupa dalili, sikio ndilo linalotoa hukumu.

Sasa tuifanye The Lion King yenyewe, kwa sababu kisa chake tunakijua sote.

"Circle of Life" inabaki ya kwanza. Hapo hakuna mjadala: jua linachomoza na sauti ya mwimbaji Lebo M inapasua anga. Baada yake lete "This Land", ambayo kwenye albamu ni ya sita. Kipande hiki hakifuati tukio moja toka mwanzo hadi mwisho. Ndani yake mna mada ya nchi na ufalme ambayo Zimmer anairudia filamu nzima. Mimi nakiweka hapa, kwenye asubuhi ile Mufasa anapomwonyesha mwanawe mipaka ya ufalme, kwa sababu mada inahitaji kusikika mapema ili ikirudi baadaye iumize. Ukikiweka mwishoni unakosa faida hiyo. Kisha "I Just Can't Wait to Be King", kisha "Be Prepared" ya Scar na fisi wake.

Mara tu baada ya "Be Prepared" weka "…To Die For". Kwenye filamu Scar anampeleka Simba bondeni muda mfupi baada ya kuimba, na ukivisikia viwili hivi vikifuatana unagundua jambo ambalo albamu ya dukani inalificha: wimbo ule wa mbwembwe ni mpango wa mauaji, na kipande kinachofuata ni utekelezaji wake. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kuipanga upya albamu hii.

Hapo hapo linazuka tatizo. Kinachofuata kwenye kisa ni "Hakuna Matata". Kwenye filamu kuna dakika kadhaa katikati: fisi wanamkimbiza mtoto, jangwa, tai wanamzunguka, Timon na Pumbaa wanamwokota. Muziki wa sehemu hiyo haumo kwenye albamu ya 1994. Matokeo yake ni kwamba mzoga wa baba haujapoa na nguruwe anaanza mzaha. Una njia tatu. Unaweza kuuacha mruko huo kama ulivyo, nao una ukatili wake unaovutia. Unaweza kuweka ukimya wa sekunde tano au sita baina ya vipande viwili, kama nitakavyoeleza chini. Au unaweza kutafuta toleo la mwaka 2014 lililotolewa na Disney katika mfululizo wa The Legacy Collection, lenye diski mbili na muziki wa Zimmer kwa ukamilifu zaidi, ukaazima vipande vya kuziba pengo. Nachagua ukimya.

Baada ya "Hakuna Matata" inakuja "Can You Feel the Love Tonight" ya filamu, si ile ya Elton John. Hapa niruhusu nichepuke kidogo: anayeimba sehemu za Simba mkubwa ni Joseph Williams, mwimbaji wa bendi ya Toto, naye ni mtoto wa John Williams, yule yule wa Jaws, ambaye tutakutana naye tena punde.

"Under the Stars" ndiyo itakayokusumbua. Nyota zinatazamwa mara tatu katika filamu hii. Mufasa anamwambia Simba kuhusu wafalme wa kale walioko juu. Simba, Timon na Pumbaa wanalala chali wakibishana nyota ni kitu gani. Halafu roho ya Mufasa inatokea mawinguni. Kwa jina tu, kipande kingeweza kukaa popote kati ya hapo. Nimekiweka baada ya wimbo wa mapenzi, kwenye tukio la roho ya Mufasa, kwa sababu kinapanda hadi kilele ambacho tukio la kulala chali na kutaniana haliwezi kukibeba. Wewe ukisikia vingine, fuata sikio lako. Baada yake ni "King of Pride Rock", kurudi nyumbani na ushindi.

Zimebaki nyimbo tatu za Elton John. "Can You Feel the Love Tonight" aliyoiimba yeye ndiyo inayosikika majina ya mwisho yanapopita, kwa hiyo inafunga orodha yako kwa haki kabisa. Hizo nyingine mbili, "Circle of Life" na "I Just Can't Wait to Be King" za sauti yake, hazina tukio. Ziache nje. Ukizipenda, zitengenezee orodha yake. Kwa kifupi, kwa namba za CD, mpangilio wako unasomeka hivi: 1, 6, 2, 3, 7, 4, 5, 8, 9, 12.

Kazi ngumu zaidi, inayodai mkasi, ni Star Wars ya mwaka 1977. London Symphony Orchestra iliirekodi Machi mwaka huo nchini Uingereza chini ya John Williams, ikatoka kwenye santuri mbili, pande nne. Williams aliipanga kama tamasha, na ukiitazama kwa jicho la kisa utacheka. Upande wa tatu unamweka binti mfalme ndani ya chumba cha takataka kuta zikisogea kumbana, katika "The Walls Converge". Kinachofuata ni "The Princess Appears", yaani picha yake ya mwanga inapotokea kwa mara ya kwanza mbele ya shujaa Luke, jambo linalotokea mapema kabisa kwenye filamu. Mzee Ben anakufa mwanzoni mwa upande wa pili, wakati jangwa la Sand People, ambako Luke anakutana naye, liko upande wa tatu.

Kuhamisha vipande vizima kutakufikisha mbali. Tatizo ni vile vilivyoshonwa. "Mouse Robot and Blasting Off" jina lake linakiri lenyewe: roboti mdogo kama panya anaonekana ndani ya Death Star, kituo cha vita cha maadui, wakati kuruka kwa chombo kutoka mji wa Mos Eisley kunatokea kabla ya hapo. Nusu mbili zimepinduliwa. "The Desert and the Robot Auction" ina jangwa na mnada, na baina ya matukio hayo mawili Jawa, vijitu vya jangwani, wanamkamata roboti R2-D2, na muziki wa tukio hilo uko kwenye "The Little People Work". Ukitaka mfuatano wa kweli itabidi upasue vipande hivi. Nayo "Main Title" ya santuri ina zaidi ya dakika tano, wakati ufunguzi wenyewe kwenye toleo la mwaka 1997 una dakika mbili na sekunde chache. Mkia wa ile ya santuri umechukuliwa kwenye muziki wa kufungia filamu. "Princess Leia's Theme" ni muziki wa jukwaani, hauna tukio. Uweke mwisho kabisa, baada ya kila kitu, au uache nje.

Hilo toleo la 1997, diski mbili za RCA Victor, lilipangwa kwa mfuatano wa filamu. Hata kama hulimiliki, orodha ya vipande vyake inapatikana kirahisi na ni ramani nzuri. Kwa filamu yoyote, kabla ya kutazama na kalamu, tafuta kama kuna toleo la baadaye lililopanuliwa. Orodha yake inaweza kukuokolea saa nzima.

Kuhusu upasuaji. Tumia nakala, usiguse faili la asili. Kama una CD, itoe kwenda kompyuta kwa muundo wa FLAC au WAV, ambao haupotezi kitu, kisha kata kwa Audacity, programu ya bure. Kama ulichonacho ni MP3 tu, usikate kwa Audacity na kuhifadhi tena MP3, kwa sababu kila unapohifadhi hivyo ubora unapungua. Tumia mp3DirectCut, inayokata bila kulifinyanga faili upya. Tafuta mshono kwa hedifoni, si kwa spika za kompyuta. Mara nyingi mshono uko pale mvumo wa chombo cha mwisho unapokaribia kuzima na kingine kinaingia. Ukikuta vipande viwili vimepishana, cha kwanza hakijaisha na cha pili kimeshaanza, usilazimishe. Mkato utasikika milele. Bora kipande kikae kizima mahali pa nusu yake iliyo muhimu zaidi.

Ukimaliza, ubadilishe taarifa za faili kwa programu kama Mp3tag. Ipe albamu jina tofauti na la asili, kwa mfano "The Lion King, mfuatano wa filamu", la sivyo kicheza muziki kitachanganya nakala zako na zile za zamani, utakuta "Circle of Life" mara tatu. Andika namba za nyimbo kwa tarakimu mbili, 01, 02, 03, kwa sababu redio za gari na spika za USB nyingi hupanga kwa jina la faili na zitaweka 10 kabla ya 2. Hiyo ni kero ndogo inayoharibu kazi yote.

Kwa ukimya niliousema, fungua Audacity, tengeneza faili la sekunde tano lisilo na sauti, ulipe namba kati ya vipande viwili. Kinyume chake, pale muziki unapotakiwa kuunganika bila pengo, hakikisha kicheza muziki chako kinaweza kucheza bila mwanya. Foobar2000 kinafanya hivyo vizuri. Faili za MP3 huongezewa kipande kidogo cha ukimya mwanzoni na mwishoni wakati wa kutengenezwa, na usiku, nyumba ikiwa kimya, kinasikika.

Kama unasikiliza kwa programu ya mtandaoni huwezi kukata kitu. Tengeneza orodha yako, ongeza vipande kwa mfuatano unaoutaka, kisha zima mambo mawili: kitufe cha kuchanganya nyimbo, na ule mpangilio unaofanya wimbo mmoja uyeyukie kwenye mwingine. Huo wa pili umewahi kuonewa fahari na watengenezaji wa programu, lakini kwa muziki wa filamu ni uharibifu mtupu: kilio cha mwisho cha "…To Die For" hakipaswi kuyeyukia kwenye kitu chochote. Angalia pia kwamba umechukua rekodi sahihi. Jina moja la wimbo linaweza kuwa na matoleo kumi ya okestra nyingine na ya The Lion King iliyotengenezwa upya mwaka 2019.

Sikiliza mpangilio wako mpya mara moja bila kugusa chochote, ukiwa umekaa. Pale unapotamani kuruka kipande, weka alama. Si lazima ukiondoe. Huenda kinahitaji tu kuhama hatua moja. Matukio mawili ya mapigano yakifuatana yanachosha, na filamu iliyahitaji kwa kuwa macho yalikuwa na kazi. Hapo una ruhusa ya kudanganya kidogo.

Na orodha unaweza kumgawia mwenzako kwa maandishi, afuate kwa albamu yake mwenyewe. Faili zenyewe ziache kwako. Kuzipakia mtandaoni au kuziuza ni kuvunja haki za wenye kazi.

Ukiniuliza, The Lion King ya 1994 inapata faida kubwa ikipangwa upya, na yangu siirudishi ilivyokuwa. Star Wars ni habari nyingine. Mfuatano wa filamu unafundisha jinsi Williams anavyopanda mbegu ya mada na kuivuna saa moja baadaye, lakini kwa kukaa na kusikiliza tu, pande nne za 1977 bado ndizo bora. Kwa hiyo usifute albamu ya asili.